Mlango Ule, kwa Maelezo ya Profesa

Mimi ni mkunjaji wa mashuka, na nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa nikimsema Profesa. Nampenda kama kaka yangu. Na kama ilivyo kwa kaka yangu, kuna siku nilitamani kumfungia ndani ya mashine namba tatu na kuiwasha kwa maji baridi.

Hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa mpokeaji wa nguo chafu katika chumba cha kufulia cha hospitali, kule chini kabisa ya jengo ambako hakuna dirisha hata moja. Nguo zilishuka kutoka wodini kwa magunia, naye kazi yake ilikuwa kuzipokea, kuzichambua na, hapa nisikilizeni vizuri, kupekua mifuko. Koti la daktari haliingii majini kabla Profesa hajatia mkono mfukoni. Kalamu, funguo, pipi, barua za mapenzi, mara moja jino la mtu limefungwa kwenye karatasi: vyote vilipitia kwake, na vyote alivitolea maelezo. Akikuta kitana na vidonge vya kikohozi, atakuambia daktari huyu ana mpenzi mpya anayekaa sehemu ya baridi. Mara nyingine alipatia. Mara nyingi hatukuwa na njia ya kujua, na hapo ndipo jina la Profesa lilipopatikana.

Mtu mwembamba, miaka hamsini na mbili, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, viatu vinang'aa ingawa anakanyaga maji ya sabuni kutwa. Ukimwuliza kwa nini mvua imechelewa, atakueleza. Ukimwuliza kwa nini mumeo amenuna, atakueleza pia, hata kama hajawahi kumtia machoni. Niliwahi kumwuliza hilo, kwa ujinga wangu. Akanieleza kinagaubaga, na mimi nikanuna siku tatu.

Mle ndani tulikuwa wanne. Profesa, mimi, fundi wa mashine, na Dada Pasi. Fundi wa mashine alikuwa mzee mpole aliyeharibiwa masikio na mashine zake, ukimwambia jambo anaitikia kwa kichwa kwanza, kuelewa baadaye. Dada Pasi ndiye aliyenyoosha makoti ya madaktari na mashuka ya wodi. Mjane, umri wake kama wangu, mikono mizito, maneno machache. Si kwamba alikuwa na maringo. Alisema kile kilichohitaji kusemwa, kisha akarudi kwenye kola ya koti. Mimi nikiongea maneno mia yeye alikuwa na matatu, na kwa kawaida yale matatu ndiyo yaliyokuwa na maana.

Sasa niwaeleze habari ya filamu, maana bila filamu hii hakuna hadithi.

Miaka sita iliyopita Profesa alikosea. Koti moja liliingia mashineni bila kupekuliwa. Lilipotoka, mfukoni mlikuwa na diski mbili, zimeoshwa zikatakata, maandishi ya kalamu yaliyokuwa juu yake yote yamekwenda na maji. Aliuliza wodi zote, hakuna daktari aliyekiri. Wakati ule tulikuwa tumepewa televisheni kuukuu na deki yake, zimetolewa kwenye chumba cha wagonjwa kusubiri baada ya kuletwa mpya. Fundi aliziweka juu ya rafu, juu ya meza yangu ya kukunjia. Kule chini hakukuwa na mawimbi ya kituo chochote, kwa hiyo ni diski au basi. Watu wa zamu nyingine walileta za nyimbo. Lakini mashine saba zikiunguruma pamoja husikii hata jina lako, na nyimbo bila sauti ni watu wanafungua midomo tu. Wakazirudisha kwao. Zikabaki zile diski mbili za Profesa.

Ilikuwa filamu ya mambo ya angani. Tuliitazama vipande vipande, kila mtu kwa nusu saa yake ya mapumziko, kwa miaka sita. Bila neno moja kusikika. Hata nikilala naweza kuwasimulia.

Inaanza na mwanamke peke yake katika chombo kilichotua kwenye sayari ya vumbi jekundu. Nywele zake zina mvi. Kila asubuhi anatenga vikombe viwili mezani, kimoja chake na kingine hakina mtu. Anaongea na taa ya buluu iliyopo ukutani. Anapanda maharage kwenye makopo. Mwishowe anavaa vazi lake, anatoka nje, anakaa kwenye vumbi akiangalia mbali. Halafu majina ya watu yanapanda, mengi, mpaka kioo kinakuwa cheusi. Hiyo ndiyo diski ya kwanza. Unaweka ya pili: jina la filamu linatokea kwa herufi kubwa kubwa, kisha yule yule mwanamke, sasa ni kijana, nywele nyeusi, yuko na mwanaume. Wanacheka, wanagombana, wanatengeneza vyuma. Inakuja dhoruba ya vumbi, mwanaume anatoka nje, na mwisho kabisa mwanamke anashika mpini wa mlango, mlango unafungwa, uso wa mwanaume unaonekana kwenye kidirisha cha kioo. Kwisha.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini majina yanapanda katikati ya filamu na jina lake linakuja nusu ya safari. Sisi tulijiuliza. Ndiyo maana tulikuwa na Profesa.

"Filamu za watu wa kawaida zina jina mwanzoni," alituambia kwa kupiga kelele masikioni, mmoja mmoja, maana ndivyo tulivyozungumza mle ndani. "Hii ni ya watu wenye akili. Muda wa kule unarudi nyuma. Umeona mvi zinavyopotea? Kikombe cha pili ni cha mtu ambaye hajafika. Anamsubiri. Ile taa ya buluu ni serikali yao, inampa maagizo. Na pale mwisho mwanaume amefika, ameingia, mlango umefungwa nyuma yake. Ndoa imefungwa!"

Mimi niliamini, sitajitetea. Fundi aliitikia kwa kichwa. Wauguzi waliokuja kuchukua mashuka walisimama na mikokoteni yao wakielezwa, na mmoja aliandika kwenye kiganja. Kila mwaka tafsiri iliongezeka ghorofa. Maharage yakawa ni watoto watakaozaliwa. Vumbi likawa ni husuda za majirani. Nilimwuliza jirani gani, na sayari nzima ina mtu mmoja? Akaniambia, "Ndiyo maana huwaoni."

Dada Pasi peke yake hakukubali. Alitazama mara moja mpaka mwisho, akaja masikioni mwetu akasema, "Yule mwanaume yuko nje. Na mama yule hasubiri mtu. Anaomboleza."

Profesa alicheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye uzi. Akamwita mbele ya wauguzi, akamwonyesha mvi, akamwonyesha majina, akamwuliza kama amewahi kuona filamu inayoanza na msiba kabla ya ugonjwa. Dada Pasi akarudi kwenye pasi yake. Tangu hapo, kila alipokuja msikilizaji mpya, Profesa alimalizia kwa kusema kuna mwenzetu anadhani huu ni msiba, na watu walicheka. Mimi nami nilicheka. Leo najionea haya.

Na huyo huyo Profesa, Mungu ana mambo yake, ndiye aliyempenda.

Tuliliona kabla yeye hajaliona. Makoti yaliyokwenda kwa Dada Pasi yalianza kufika yamepangwa kwa ukubwa, mifuko imegeuzwa, vifungo vimehesabiwa. Mimi nikaanza kuitwa shemeji, kwa kuwa Dada Pasi ni rafiki yangu, na Profesa alipenda kujipanga mapema. Miezi mitatu kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia, alimfuata penye rundo la mataulo akamwomba wafunge ndoa. Nilikuwa karibu. Badala ya kusema anampenda, alimweleza kwa nini yeye Dada Pasi anampenda. Alikuwa na sababu nne. Dada Pasi alizisikiliza zote, akasema, "Nitakujibu," akaendelea na taulo.

Miezi mitatu hakujibu. Nilipomwuliza Profesa kama hana wasiwasi, alitabasamu. "Shemeji, yule nimeshamsoma. Ni mtu wa kusubiri. Ananisubiri nirudie."

Hapo ikaja barua. Hospitali ilikuwa inafungua chumba kipya cha kufulia katika tawi lake la mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima, na walitaka mnyooshaji mzoefu. Nyumba ipo, na chumba kile kina madirisha. Msimamizi wetu, mwanamama mkali anayeshuka ngazi kwa kelele ili tujue anakuja, alimpa Dada Pasi barua mkononi na kumwambia jibu analitaka Ijumaa kabla ya saa sita. Dada Pasi aliikunja akaiweka mfukoni mwa aproni. Kila siku niliona pembe ya barua ile imechomoza, na roho yangu ilikuwa juu.

"Hatakwenda," Profesa alisema. Lakini Jumatano nilimkuta amesimama na gunia mkononi, hapekui wala haliweki chini. Alikuwa anamwangalia yeye kwa mbali. Ndipo nilipojua kwamba ndani kule maelezo yanaanza kumwishia.

Alhamisi, saa nne asubuhi, maji yakakatika.

Katika hospitali maji yakikatika ni balaa, lakini huko chini balaa lilikuja kwa namna yake. Fundi alizima mashine moja baada ya nyingine, namba moja mpaka saba. Ya saba iliponyamaza, sauti ya mwanamke ikalipuka chumbani, kubwa kiasi kwamba niliachia shuka nililoshika na Profesa akakaa chini juu ya gunia bila kutaka. Televisheni ilikuwa inacheza kama kawaida. Na kumbe kitufe cha sauti kilikuwa juu kabisa miaka yote sita, hakuna aliyewahi kukumbuka kukishusha kwa sababu hakuna aliyewahi kukisikia.

Filamu ilikuwa imetiwa sauti ya Kiswahili. Kiswahili, ndugu zangu. Miaka sita.

Mwanamke wa mvi alikuwa ametenga vikombe vyake viwili, na anasema, taratibu, "Leo ni siku ya elfu nne na kumi tangu niufunge mlango."

Hakuna aliyetikisika. Kisha wote watatu, kama tumeamrishwa, tukageuka kumwangalia Dada Pasi. Alikuwa amesimamisha pasi kwa kisigino chake na mikono ameishusha.

"Huo ni mlango mwingine," akasema Profesa.

"Kaka," nikamwambia, "nyamaza."

Akajitahidi kidogo. Akasema huenda huko muda unahesabiwa kinyume, na elfu nne na kumi ni siku zilizobaki. Lakini taa ya buluu ikajibu, na ilijibu kwa sauti ya kiume, sauti laini ya mtu wa nyumbani: "Umelala vizuri, mpenzi?" Serikali haiongei hivyo. Profesa akafunga mdomo.

Fundi ndiye aliyepata akili kwanza. Akainuka, akatoa diski, akaziangalia zote mbili pande zote, akaweka ile tuliyoiita ya pili. Jina la filamu likatokea kwa herufi kubwa kubwa. Tukavuta magunia tukakaa. Dada Pasi hakukaa, alisimama nyuma yetu. Maji hayapo, kazi haipo, tukaitazama filamu yetu kuanzia mwanzo wake, kwa saa mbili na zaidi, tukiisikia.

Sitawachosha. Mambo yalikuwa mepesi kuliko tulivyoyafanya. Wale wawili walikuwa mke na mume, mafundi. Vumbi lilikuwa vumbi. Maharage yalikuwa maharage, chakula kilikuwa kimewaishia. Mwanaume alitoka kwenda kuokoa mtambo wa hewa, dhoruba ikamzidi, akafika mlangoni amechelewa. Ile sehemu ya kidirisha, tuliyoishangilia kwa miaka sita kama harusi, kumbe mwanaume alikuwa nje, amepachika uso kwenye kioo, na anasema kwenye redio, "Funga. Ukinisubiri vumbi litaingia na hewa itatuishia wote wawili. Funga, mke wangu. Mimi ndiye ninayekuambia." Mke akafunga.

Na taa ya buluu ilikuwa mashine ya chombo. Ilizihifadhi taarifa zote za marehemu, ikajifunza sauti yake, ikawa inamjibu mwanamke kwa sauti ile ili asipate wazimu. Ilimsemea marehemu hata mambo ambayo marehemu hakuwahi kuyasema. Mpaka siku moja mwanamke aliiambia, "Basi. Umenifanyia wema, lakini huyu si yeye. Unamjaza maneno yako." Taa ikanyamaza. Ndipo alipovaa akatoka nje, akakaa mahali mumewe alipofia, pasipo mtu wa kumsemea chochote. Majina yakaanza kupanda, na safari hii yalipanda mahali pake.

Nililia bila kujificha. Fundi alikuwa anajipangusa kwa tambara la grisi, uso ukawa mweusi.

Profesa aligeuka. Nilidhani ataeleza. Nikajiandaa kumrushia kitu. Alisema tu, "Dada, ulijuaje?"

Nataka muelewe kwamba katika miaka kumi na mmoja ya kufanya kazi na mtu yule, hilo lilikuwa swali la kwanza nililomsikia akiuliza huku akitaka jibu.

Dada Pasi alivua aproni. Akaikunja, barua ikiwa humo humo, akaiweka mezani.

"Mume wangu alifia ghorofa ya tatu," akasema. "Hapa hapa, juu ya vichwa vyetu. Nilikaa naye siku kumi na tisa. Usiku wa mwisho aliniambia, nenda nyumbani ukaoge, ulale, uje kesho. Nikamkatalia. Akamwita muuguzi akamwambia mtoeni huyu, ananisumbua. Alijua. Alinitoa ili nisione. Ndugu zake mpaka leo wanasema nilimwacha akafa peke yake." Akaisawazisha aproni kwa kiganja. "Kila siku mashuka ya ghorofa ya tatu yanapita mikononi mwangu. Wewe, Profesa, huwaambia wauguzi nayanyoosha taratibu kwa sababu napenda kazi safi."

Profesa aliangalia viatu vyake.

"Umenisoma, unasema. Umenitazama miaka sita kama ulivyoitazama filamu ile. Bila sauti. Ukanijaza maneno. Mimi ni mtu wa kusubiri, mimi nakupenda kwa sababu nne. Hata siku moja hukuniuliza. Na wewe," akanigeukia mimi, rafiki yake, "hukuniuliza pia. Ulicheka."

Nilitamani sakafu inimeze. Mimi ninayejisifu kuwa namjua hadi saizi ya kiatu chake, sikujua mumewe alifia jengo lile. Nilijua ni mjane, nikaona hiyo inatosha.

Profesa alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo. "Alikuwa mtu wa namna gani?" akauliza. "Marehemu. Kama unataka kusema."

Dada Pasi alimwangalia kwa muda mrefu, kama anapima ni mtego gani huu. Kisha akavuta gunia akakaa. Alitutajia jina lake. Sitaliandika hapa, ni lake. Akasema alikuwa mchongaji wa mihuri, mtu mwenye macho makali na mkono wa birika, aliyeficha sukari ndani ya boksi la misumari. Alikoroma. Akikasirika alikuwa anaosha vyombo kwa kelele ili aombwe radhi. Alicheza dansi vibaya na hakuna aliyeweza kumzuia asicheze. Dada Pasi aliongea, yule yule wa maneno matatu, na akicheka anaweka mkono kifuani. Profesa alikaa mikono magotini. Mara mbili nilimwona amefungua mdomo, mara mbili akaufunga. Jasho lilimtoka kwa juhudi.

"Na wewe?" Dada Pasi akamwuliza mwishoni. "Nyumbani kwako kuna nani?"

Mzungumzaji wetu alivaa miwani, akaivua. "Hakuna mtu," akasema. "Sijawahi kuoa. Nikifika nafungua redio, naieleza habari kabla haijazisoma." Akajaribu kucheka. "Huku ndiko kuna watu. Nikinyamaza huku, nitakuwa sijasema kitu siku nzima."

Miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimemfanyia mzaha kila siku ya Mungu na sikujua hata kama aliwahi kuwa na mke.

Mabomba yakakohoa. Maji yalikuwa yanarudi. Fundi, kwa mazoea, aliinuka akaelekea kwenye swichi kubwa. Nikamwahi nikasimama mbele yake nikamwambia akigusa swichi ile mimi na yeye tutagombana vibaya. Safari hii alielewa kwanza, akaitikia baadaye. Tukawaacha wale wawili waongee. Msimamizi alishuka na kelele zake akatukuta tumekaa juu ya nguo chafu, maji yapo, mashine kimya, na tulisemwa sana siku ile. Mashuka ya jioni yalichelewa, nami nilitia sahihi karatasi ya onyo kwa raha zangu.

Kabla ya kutoka, Profesa alimsogelea Dada Pasi. Sasa tulikuwa tumeshawasha mashine, kwa hiyo ilibidi amsemee sikioni kwa nguvu, na mimi masikio yangu ni mazima. "Kule kuna madirisha," alisema. "Na hakuna ghorofa ya tatu. Ukienda, mimi sitakuwa na neno. Nilitaka ulijue hilo tu." Akachukua kofia yake akaondoka, na kwa mara ya kwanza viatu vyake havikung'aa.

Ijumaa alifika mapema akapekua mifuko bila kutoa hotuba. Muuguzi mmoja aliyeleta gunia alimwomba amweleze tena ile habari ya angani, ana mgeni amekuja naye. Profesa alimwambia filamu ile aliielewa vibaya, amwulize Dada Pasi. Saa tano unusu Dada Pasi alichukua barua yake akapanda ngazi. Tulimsikia, au tuseme tulimwona, maana mashine zilikuwa zinaunguruma. Nilikunja shuka moja mara sita. Fundi alikuwa anakaza nati iliyokwisha kukazwa. Profesa alikuwa ameshika koti la daktari kwa mabega, kama mtu anayemsubiri mwenyewe aje alivae, na macho yake yalikuwa kwenye ngazi.

Alirudi bila barua. Alipita mbele yangu, akampita fundi, akaenda mpaka kwa Profesa, akamvuta sikio karibu na mdomo wake. Sote tulisikia, maana alisema kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo.

"Nimemwambia siendi. Na usianze kunieleza kwa nini."